Dawa ya Kizunguzungu

Juma lililopita, katika hospitali moja huku Kibiti, nilisikia ugomvi ulionichosha roho. Mama mmoja, mkulima wa mpunga kutoka Mohoro, alikuwa ameshikilia ukuta kwa mikono miwili. Tangu augue, kila akigeuza shingo dunia inamzunguka.

Mtaalamu wa mazoezi akamketisha. "Nyoosha kidole gumba, kikazie macho, kisha geuza kichwa huku na huku."

Mama akajaribu, akayumba.

"Mwanzoni kizunguzungu kitazidi, usiache. Mwili unajifunza upya kusimama."

Mumewe akaruka. "Yaani dawa ya kizunguzungu ni kizunguzungu? Mchomeni sindano! Siku hizi maduka ya dawa yamejaa kila kona, nyie mnatupa vidole?"

"Mzee wangu, vidonge ameshakunywa, na bado anaanguka."

"Basi aongezewe!"

Akamvuta mkewe mkono. Mama hakuondoka.

"Baba watoto, vidonge vyako vimenilaza tangu masika, na chooni bado naenda kwa kutambaa. Kanunue vingine unywe mwenyewe. Mie nabaki."

Akanyoosha tena kidole, machozi yakimlengalenga.

Soko huria limetuletea vidonge vya kila rangi, na sasa tunaamini kisichomezwa si tiba. Hata mimi nilitamani kumfokea yule bwana. Lakini nilipoinuka kuondoka, alikuwa ameketi kando ya mkewe, kanuna, kamshika mabega asianguke.

"Haya, geuza," akasema. "Polepole basi!"