Vigauni vya Mama Pindo

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja wake, kwa sababu hakuwa na subira na pindo lililopinda. Sketi ya shule ikitoka mkononi mwake, ungeweza kuipimia rula. Kibanda chake kilikuwa kati ya mashine ya kusaga nafaka na duka la rangi, na ujane wake wote aliupitishia hapo, cherehani mbele, ukuta nyuma, binti yake wa pekee akikua chini ya meza katikati ya vipande vya vitambaa.

Binti huyo akawa mtu mzima, akaolewa, akapata kazi kwenye duka la dawa. Mimba yake ya kwanza ilipofika mwezi wa saba, mtoto akazaliwa kimya, bila uhai. Mama Pindo alifika wodini na mfuko wa nguo alizokuwa amezishona kwa furaha, na kila aliyoijaribu ilimmeza yule mtoto. Muuguzi akashauri wamfunge kwa taulo.

"Taulo?" Mama Pindo akasema. "Mjukuu wangu mimi?"

Akarudi kibandani, akakata kitambaa cheupe kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi, akashona kigauni kisichozidi viganja viwili vya mtu mzima, akakimbia nacho hospitali. Mtoto akazikwa amevaa.

Baada ya hapo mkono haukutulia. Kila alipomaliza sare za watu alitoa vipande vyeupe akashona kingine, mpaka vikajaa boksi.

Aliyevikuta ni wifi yake, dada wa marehemu mume wake. Huyu aliuza mafuta ya nywele mtandaoni, na simu haikumtoka mkononi.

"Wifi, siku hizi unavisha wanasesere? Kaka yangu aliniambia ameoa mke, kumbe alioa cherehani."

Mama Pindo hakucheka. Alimweleza. Wifi akakikunja taratibu kigauni alichokuwa amekishika, akakirudisha mahali pake.

"Wenye msiba huu ni wengi," akasema. "Ila nani atakujua hapa, nyuma ya vumbi la unga? Tuviweke mtandaoni."

Wakarekodi video. Mara ya kwanza Mama Pindo alionyesha mshono tu, na wifi akatikisa kichwa. "Watu hawasimami kwa ajili ya kitambaa. Wasimulie." Basi akasimulia. Alisimulia habari ya taulo, alisimulia binti yake alivyomkumbatia mtoto akakataa kumwachia, alivyolia mpaka wodi nzima ikanyamaza. Alipomaliza, wifi mwenyewe alikuwa anajifuta macho kwa mtandio.

Video haikushikika. Walioitazama wakafika maelfu. Wapo waliosema huo ni uchuro, na wapo waliowajibu kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama Pindo, ambaye hakuwahi kusikilizwa na watu zaidi ya watatu kwa mkupuo, akawa anasoma maoni huku pasi inaunguza kola ya mteja. Tuseme ukweli: alifurahi.

Kisha binti yake akaja. Hakuketi.

"Mama, mteja amenionyesha simu pale dukani. Ananiuliza, huyu si mama yako?"

"Sikutaja jina lako, mwanangu."

"Una mtoto mmoja, Mama. Jina la nini?"

"Nilitaka kuwasaidia wenzako."

"Wenzangu wasaidie. Lakini kile kilio kilikuwa changu. Hata mume wangu sijamruhusu akizungumzie."

Akaondoka. Mama Pindo akabaki ameshika mkasi bila kujua alitaka kukata nini.

Alimwomba wifi aifute ile video.

"Una wazimu? Wenzio wanahangaika mwaka mzima hawapati robo ya wafuasi hawa!"

"Futa, wifi."

Wifi akafuta, mdomo ameuvuta. Maji yakimwagika hayazoleki. Nakala ziliendelea kuzunguka kwenye makundi ya watu, lakini kwenye ukurasa wao video ilikuwa imetoka. Mama Pindo akampigia binti yake kumwambia. Binti akasema, "Asante," akakata simu.

Mama Pindo alipoanza tena kurekodi, alianza peke yake. Aliisimamisha simu kwenye rafu ya nyuzi, ielekee mikono tu, akaeleza kama anayefundisha: mshono ugeuzwe nje, maana ngozi ya mtoto wa umri huo ni laini mno, mgongo uachwe wazi, ufungwe kwa utepe, ili asivutwe mikono wakati wa kuvishwa. Mwisho akasema, "Anayehitaji aniandikie. Sitamuuliza kitu."

Waliotazama walihesabika kwa vidole, na kidole kimoja kilikuwa cha wifi. Akabandika nyingine. Wale waliofuata machozi wakaondoka kutafuta kilio kipya kwingine. Waliobaki walikuwa na sababu. Muuguzi wa hospitali ya mbali aliomba vya wodi yake. Fundi mmoja aliandika kwamba ameshajifunza, na sasa anawashonea wa mji wake. Kisha ukaja ujumbe wa sauti wa mwanamume. Mwanzo ilisikika pumzi tu, halafu: "Mama, samahani. Kipo kidogo zaidi ya hicho?" Mama Pindo akaweka kando sare za watu, akakata.

Binti alikuwa akiziona video hizo, ingawa hakusema. Jumamosi moja akatokea kibandani, akamkuta mama yake anajibu ujumbe kwa kidole kimoja, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Lete, Mama. Kwa mwendo huu watajibiwa mwakani."

Akaketi kwenye kigoda. Akajibu wa kwanza, akajibu wa pili. Wa tatu akausoma, akarudia kuusoma, kisha akapiga simu.

"Habari yako, dada. Mimi si fundi, fundi ni mama. Mimi... mimi wangu alikuwa wa kike."

Tangu msiba, Mama Pindo hakuwahi kumsikia akimtaja mtoto wake. Akaondoa mguu kwenye cherehani ili kelele isiwaingilie. Waliongea kwa muda mrefu. Baadaye wifi alipododosa walisemezana nini, Mama Pindo alimwambia, "Muulize mwenyewe."

Binti bado huja kusaidia kujibu. Wiki ambazo moyo haumpi, haji, na mama yake hapigi simu kuuliza.