Walimwita Rinda

Kwetu mtoto wa kiume wa pili hupewa jina la baba ya mama yake. Wangu wa pili alizaliwa baba yangu akiwa amechukuliwa na lori la askari wa mkoloni, miaka ile ya vita vya msituni, na hakurudi. Kaburi hatukuonyeshwa. Basi nikampa mtoto hilo jina, na mimi mwenyewe nikawa namwita Baba, vile desturi inataka. Akilia namwambia, "Baba, nyamaza," na mama mkwe anacheka ati nimezaa mzee.

Huyo Baba akakua akipenda mpira. Hapa Gakindu alicheza beki ya katikati. Nikichuma kahawa nilikuwa nikisikia watu ng'ambo ya bonde wakiliita jina la baba yangu kwa kelele, jina ambalo sisi tulikuwa tukilinong'ona tu. Nilikuwa nikisimama na kikapu mpaka liishe.

Halafu klabu kubwa ya Nairobi ikamchukua. Nikafikiri: sasa litatajwa redioni. Kama yule mzee yuko mahali, atasikia anaitwa.

Huko wachezaji wengi walikuwa watu wa magharibi ya nchi. Siku ya kwanza ya mazoezi mpira ulikuja kwa kasi, kijana wangu akawaambia wenzake walinde goli. Lakini kwetu l na r ni kitu kimoja mdomoni. Akapaza sauti, "Rinda! Rinda goli!"

Golikipa aliachilia mpira upite, akashika tumbo kwa kicheko. "Rinda gani, bwana? La nyanya yako? Limeanguka kwa kamba?"

Kutoka siku hiyo akaitwa Rinda, yaani nguo ya wanawake. Akafunga mdomo. Na beki wa katikati akinyamaza, wenzake hawajui pa kusimama. Kocha akasema hana kazi na bubu, akamkalisha benchi.

Kila Jumamosi nilienda dukani kusikiliza redio. Mtangazaji akisoma majina ya wachezaji, la baba yangu halimo. Mwenye duka alikuwa akipunguza sauti kwa kunihurumia. "Labda wiki ijayo, mama."

Krismasi kijana akaja, amekonda. Tukiwa jikoni akaniambia, "Mama, nifundishe kusema linda."

"Rinda," nikasema.

"Si hivyo. Rinda."

Na yeye pia alikuwa amesema rinda! Tukacheka mpaka machozi, halafu yeye akaacha kucheka kabla yangu. Akaangalia moto. "Basi wacha waniite hivyo. Nikipiga kelele nitacheza. Nikinyamaza nitarudi hapa kuchuma kahawa."

Akarudi, akapiga kelele. Ulipopita mwezi mmoja nikasikia redioni: "Rinda! Rinda ameokoa!" Duka lote likaruka. "Mama, huyo ni wako!" Mwenye duka akanipa soda ya bure. Nilikaa hapo mpaka kipenga cha mwisho, nikingoja jina lile lingine. Jumamosi iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata. Alikuwa amepata nafasi yake kabisa, na hakuna aliyemnyang'anya tena. Mimi nilizoea kurudi nyumbani nikisikia kama kuna mtu nyuma yangu kwa njia, anayengoja kuitwa.

Pasaka akaja nyumbani. Nilikuwa nikitoka mtoni na maji mgongoni, nikamwona mbele yangu akipanda kilima na koti jipya.

"Baba!" nikaita.

Hakugeuka. Nikafikiri ni upepo. Nikaweka mtungi chini, nikaita jina lote la baba yangu, na la babake pia, vile wazee walikuwa wakimwita barazani. Aliendelea kupanda.

Wanawake waliokuwa kwa kahawa upande wa juu wakamwona. "Wee Rinda!" mmoja akapiga kelele. "Umetuletea nini?"

Akageuka mara moja, mkono juu, akicheka. Hapo ndipo akaniona.

"Mama! Kumbe uko nyuma yangu? Mbona hukuniita?"

Nikamwambia nimefika sasa hivi tu.