Salim, wa watu na ngedere

Jamani, akili yangu imekataa. Naandika, nafuta, naandika tena. Salim hayupo.

Tena homa tu. Aliaga hapa ofisini Horohoro kwamba anakwenda Tanga kupima malaria, akasema nimwekee chai yake. Ndiyo imetoka hiyo.

Wengi mlimjua kama kijana wa Mzee Nassor, yule wa kuklia mizigo ya watu forodhani, hapa mpakani. Mimi nilimjua chuoni. Mwaka wetu tulikuwa wawili tu tuliochukua anthropolojia na zuolojia kwa pamoja. Asubuhi tunapasua panya maabara, mchana tunajadili mahari na matambiko, mikono bado inanuka dawa.

Wa zuolojia walituita wapiga soga. Wa anthropolojia walituita mabwana nyama. Salim hakuwa na habari nao, alikuwa mbishi yule.

Fildi alikwenda Amani, kijiji ambacho ngedere wanamaliza mahindi. Akapanda dunguni na mama mwenye shamba, walinde. Ngedere wakaingia.

Sasa ona mtihani. Mwalimu wa zuolojia alishamwambia wanyama hawabughudhiwi, kaa kimya uandike. Wa anthropolojia alimwambia ishi na watu, fanya wanachofanya. Salim kakaa na kalamu yake, hapigi kelele wala hatupi jiwe, mahindi yanaliwa anaona.

Yule mama akamuuliza taratibu, "Mwanangu, uko na sisi au uko nao?"

Alinisimulia akicheka mpaka machozi, lakini swali lilimkaa. Risechi yake nzima akaiandika kuanzia pale dunguni, mama na ngedere pamoja, bila kuwatenganisha.

Ikarudishwa. Supavaiza mmoja anasema punguza watu, mwingine anasema toa ngedere. Kata upande mmoja, upewe digrii yako. Akakataa katakata.

Mimi yangu niliikata, sifichi. Nilikuwa nimechoka, na nyumbani Muheza walikuwa wananingoja. Cheti nikapata, nikakizungusha kila ofisi, mwisho Salim huyo huyo ndiye aliyeniombea kazi kwa baba yake. Aliyekata na asiyekata, meza zetu zikatazamana hapa mpakani, tunajaza karatasi za malori.

Mzee alimwambia akae kidogo tu, mpaka mambo ya chuo yakae sawa. Hicho kidogo hakikuisha. Akiomba ruhusa akaonane na walimu, malori yamejaa. Akiitaja Amani, mzee anamuuliza ngedere wanalipa mshahara gani.

Kuna siku alisimama dirishani, foleni haina mwisho, akaniambia, "Neema, humu ndani hata kupumua nashindwa."

Nikamwambia hata mimi. Tukarudi kwenye karatasi.

Jana baada ya maziko mzee aliniita barazani. Nimezoea ukali wake, lakini jana sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Akaniuliza Salim alikuwa amebakiza nini ili amalize masomo.

"Hakubakiza kitu, baba. Alimaliza. Walitaka akate nusu, akakataa."

Kisha akasema, "Na mimi nikamfungia mpakani."

Nililia tu, na yeye akalia.

Salim ndugu yangu, umetoka. Sivyo nilivyotaka utoke. Roho inaniuma, acha niseme. Jumatatu malori yananingoja, na mzee amesema nihamie meza yako.

Lala salama, mbishi wangu. Lala kwa nafasi.