Mikaratusi ya Chemchemini

Baba yangu alitoka Kenya kuja kuchimba madini Kasese, na urithi wa maana alioniachia ni ndimi tatu: Kiingereza cha shule, Kiswahili cha nyumbani na Kikonzo cha mtaani. Kwa hiyo mradi wa miti ulipofika Bwera, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, nilipata kazi ya kutafsiri bila kutoa jasho. Nilijiona mtu mkubwa. Kofia ya mradi niliivaa mpaka mlangoni mwa kanisa.

Shida ilikuwa kuni. Vilima vilikuwa vimebaki upara, na akina mama walitembea nusu siku kutafuta mzigo mmoja. Mradi ulileta jiko la udongo linalokula kuni chache, pamoja na miche ya mikaratusi, ili kila mtu apikie kuni za shambani kwake. Mpaka leo naamini dawa ilikuwa nzuri. Aliyeiharibu ni mimi.

Tulikutana kwenye shamba la mama mmoja mjane, mwenye chemchemi. Alilima mboga chini yake, na majirani wote walichota hapo bila kuomba ruhusa. Ofisa wa misitu alieleza kwa Kiingereza, kidole kikielekea kwenye maji: hapa karibu msipande mikaratusi, itayanywa yote. Mimi nilikuwa natazama ile kona yenye unyevu. Kwingine kote mama alikuwa na kahawa, migomba na mihogo. Nilijua akisikia hivyo hatapanda mche hata mmoja, nami nilitaka ofisa akirudi kukagua akute miche hai, la sivyo kazi ingekwenda kwa mwingine. Kwenye udongo mkavu miche ilikuwa inakufa ovyo.

"Ule mukubwa anasema nini juu ya maji yangu?" mama akauliza.

"Anasema maji yako iko muzuri, mama."

Akacheka kwa furaha. Wiki ileile nilimsaidia kuchimba mashimo kuizunguka chemchemi.

Mikaratusi haina mchezo. Baada ya miaka michache ilikuwa imepita paa la nyumba, na mama akawa anakata matawi na kupika bila kupanda kilima. Kila nikipita alinishika mkono, akaniketisha karibu na jiko lake, akanilisha ugali na sombe ya majani ya mihogo. Nilikula, huku nikiona wazi kwamba chemchemi imekonda.

Kisha ikakauka. Mama hakuifikiria miti hata kidogo. Alimfikiria jirani wa juu, mwanamume mpole aliyekuwa amechimba bwawa la samaki. "Samaki yake ndiyo inakunywa maji yetu," aliwaambia watu, nao wakamwamini, kwa sababu wote sasa walikuwa wanakwenda mtoni na madumu. Kikao kikaitwa. Wakaniomba mimi, msomi wa miti, niseme neno. Nilisema jambo hili ni gumu. Sikuongeza lingine, na aibu ya siku ile inazidi hata ile ya uongo wa kwanza. Jirani alilifukia bwawa kwa mikono yake mwenyewe. Maji hayakurudi. Watu waliacha kumsalimia, na msimu uliofuata alihamia Mubuku, akakodi kipande cha shamba la mpunga.

Nilikaa na jambo hilo mwaka mzima, nikikwepa njia ya kwa mama. Siku moja tukakutana uso kwa uso. Alikuwa anatoka mtoni, dumu mgongoni, kamba imembana kwenye paji la uso. Nilimtua lile dumu, nikamweleza yote.

"Kumbe ulijua?"

"Nilijua, mama."

Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Alisema tu, "Mimi nilifukuza mutu bure. Enda Mubuku. Uombe musamaha yangu kwanza, halafu uombe yako."

Asubuhi nilipanda bodaboda mpaka Kisinga, nikashuka kutafuta gari la kwenda mbele. Magari yalipita bila mimi kuyapungia mkono. Nilikaa kwenye benchi la duka nikipanga maneno ya kumwambia yule bwana, na mimi niliyelipwa kwa ajili ya maneno sikupata hata moja. Mchana nikarudi Bwera.

Mama alikuwa ananisubiri barabarani. "Amesema nini?"

"Amesema amekusamehe, mama."

Alikaa chini palepale kwenye vumbi, akafunika uso kwa kitenge, akalia huku akimshukuru Mungu. Miti tuliikata wiki hiyo, mimi na yeye. Tulipomaliza aliingia shambani, akatoka na mkungu mzima wa ndizi, mkubwa kuliko yote aliyokuwa nayo. Akaniambia nimpelekee jirani yake Mubuku. Niliupokea.