Kichwa Nilichokifuta Kwenye Ukurasa wa Ukoo

Mimi ni mgonjwa wa mistari iliyonyooka. Nilijifunza mwenyewe kupanga kurasa za wiki, zile za mtandaoni ambazo yeyote anaweza kuzihariri, na Jumapili wazee walikutana kijijini Pito kuamua kama wanikabidhi ukurasa wa ukoo.

Ulikuwa na vichwa viwili: "Marehemu", kisha "Walio Hai". Cha pili kilikaa upande kidogo. Usiku wa kuamkia kikao nikakifuta ili nikiandike upya, nikahangaika na nafasi kati ya majina, nikakisahau. Walio hai wote wakabaki chini ya "Marehemu".

Kikaoni nikajigamba, "Fungueni simu, wazee wangu, muone unadhifu!"

Babu akavaa miwani, akasoma hadi jina lake, akaniangalia.

"Shikamoo, Babu," nikamwamkia mara ya pili.

"Marahaba, mjukuu wangu. Na pombe ya ulezi ya msiba wangu aliinywa nani?"