Simu ya Mkulima Hupokewa Ukiwa Umesimama

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa wa Mifugo pale Kitale alinikabidhi mtungi wa naitrojeni na kunionya nisiufungue kwa pupa. Ndani mna baridi ya kuunguza vidole, na ndiyo inayotunza mbegu za madume. Kazi yangu ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mrija badala ya dume. Wakulima walituita daktari, nami sikuwakataza. Ujana na kupenda sifa.

Kazi hiyo ni ya saa. Ng'ombe akionekana na joto la kutaka dume asubuhi, umpandishe jioni hiyo hiyo. Akionekana jioni, kesho yake asubuhi. Ukichelewa umepoteza mbegu bure. Kanuni hiyo niliijua kama jina langu. Kilichonishinda ni kuinuka kitini.

Nilipohamishiwa Kamukuywa, kuahirisha kulikuwa kumenizoea, na siku haikupita bila busaa, ile pombe ya nafaka. Asubuhi moja alinipigia Mama Naliaka, mjane mwenye ng'ombe mmoja tu.

"Daktari, huyu ng'ombe analia tangu alfajiri, ati hata nyasi hataki. Ufike jioni, tafadhali."

"Nakuja, mama," nikasema, nimekaa.

Jioni ilinikuta kwenye chungu cha busaa na wenzangu. Nilifika kesho yake saa nane mchana, ng'ombe ametulia kabisa, joto limekwisha. Nikampandisha hivyo hivyo, nikijua sifanyi kitu, kisha nikaandika kwenye kadi ya ng'ombe kwamba nilikuja jana jioni. Mpaka leo naona aibu kuyaeleza.

Mkuu wangu, Afisa wa Mifugo wa Tarafa, alikuwa mama mfupi asiyepaza sauti. Katika kazi yangu yote sijapata mkubwa wa kumfikia. Alisoma kadi, akavua miwani.

"Jana jioni nilikuwa kwa Mama Naliaka nikichanja mbuzi. Tulikungoja mpaka giza likaingia. Si ungesema tu umechelewa?"

Nikamweleza yote, hata chungu cha busaa.

"Ng'ombe asiposhika mimba, joto hurudi baada ya siku ishirini na moja," akaendelea. "Hizo ndizo siku zako. Busaa usiguse. Na simu ya mkulima uipokee ukiwa umesimama, kwa sababu mtu aliyesimama amebakisha kutembea tu. Ukimkosa huyo ng'ombe tena, nitapendekeza uachishwe kazi. Lakini kwanza nenda ukamwambie mama ukweli."

Nilienda. Mama Naliaka alinisikiliza akiwa ameshika ndoo tupu.

"Maziwa ya huyu ndiyo yanasomesha watoto wangu, daktari. Sasa nikuamini namna gani?"

Nikaomba msamaha, nikarudi.

Siku ya tatu ilikuwa mbaya kuliko zote. Njia ya kwenye chungu ikawa inaniita. Nikaanza kupita njia ya juu, ndefu na yenye matope, na kula nishibe kabla ya kutoka. Kila asubuhi, kabla ya chai, nilimkuta mkuu wangu mlangoni mwa ofisi. Tulitumbukiza kijiti mtungini, tukakitoa na kutazama barafu imefika wapi, ndipo tujue naitrojeni iliyobaki. Kazi hiyo ningeweza kuifanya peke yangu. Alikuja hata Jumapili, amevaa nguo za kanisani. Hakunihubiria hata siku moja, nami nilimpenda kwa hilo.

Siku ya ishirini na moja, simu ililia nikiwa ningali kitandani. Nilisimama kwanza, kisha nikapokea. Jioni, kabla jua halijashuka, nilikuwa zizini, na Mama Naliaka mwenyewe ameshika kamba. Ng'ombe alishika mimba, akazaa ndama jike.

Baadaye nilipelekwa Kapsokwony, nikapanda milima ile kwa bodaboda na mtungi mapajani mpaka nikastaafu. Vijana huniuliza niliachaje pombe maisha yangu yote. Hapana, bana. Mimi huacha siku ishirini na moja. Zikiisha, naanza zingine.

Sasa niko nyumbani Kitale, sina ng'ombe wa mtu wa kukimbilia. Hata hivyo Mama Naliaka hunipigia kunijulia hali, na hata hanisalimu kabla hajauliza:

"Daktari, umesimama?"

Magoti yananiuma siku hizi, lakini sijawahi kumdanganya tena.

"Nimesimama, mama."