Bwawa Lililougua Wakwe Wakiwa Njiani

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini kijijini kuna mtu ambaye riziki yake ni kuyazoa. Maji ya vyoo, ya kuogea na ya kufulia ya kijiji kizima hupita kwenye mabomba hadi kwenye mabwawa yake matatu, nyuma ya shule. Kwenye la kwanza yanaingia machafu, na kwenye la tatu yanatoka yanafaa kumwagilia miti. Watu walimbandika jina la Bwana Bwawa, kwanza kwa kejeli, kisha kwa mazoea, na siku hizi ukiwauliza jina lake halisi utawasumbua bure.

Ni mtu wa maneno machache. Kila asubuhi huanzia kwenye wavu wa kuchujia, akivuta kwa reki vitambaa, magunzi, na mara moja meno ya bandia ya jirani, ambayo aliyaosha na kumrudishia bila kumwambia mtu. Halafu huyazunguka mabwawa akinusa. Bwawa lenye afya hunukia kama udongo uliolowa.

Jambo moja tu lilimchoma. Binti yake alikuwa ameposwa mbali, na huko aliwaambia wakwe kwamba baba yake yuko kwenye mambo ya maji. Si uongo, ila aliishia hapo.

Wakwe walipokaribia kuja, mke wa Bwana Bwawa alipita nyumba kwa nyumba kuwaomba wanawake wenzake wamimine dawa kali ya kuulia wadudu vyooni, wageni wasikute harufu. Wakamimina kwa moyo mmoja. Bwawa la kwanza likageuka kutoka kijani kuwa kijivu, na uvundo ukaingia hadi jikoni.

"Mama watoto," Bwana Bwawa alisema akiwa mlangoni, "umewaua vibarua wangu wote."

"Vibarua gani tena?"

"Wale wadudu wasioonekana kwa macho, wanaokula uchafu. Sasa nani atakula?"

Mkewe akakaa chini. "Na wageni ni kesho."

"Usinitazame mimi. Nina njaa, lakini si kiasi hicho."

Aliyaelekeza maji taka mapya kwenye bwawa la pili, kisha akaanza kuchota maji ya kijani kutoka la tatu na kuyamwaga kwenye la kwanza, kama mtu anavyobakiza mtindi kidogo wa kugandishia maziwa mengine. Binti akatoka ndani, amevaa nguo kuukuu.

"Baba, lete ndoo."

"Wewe ni bibi harusi, utajichafua."

"Mikono inaoshwa, baba."

Wakachota pamoja mpaka jua likazama, na asubuhi wakarudi tena. Huko huko ndiko wageni walikowakuta, maana walifika mapema kuliko walivyoahidi. Shangazi wa bwana harusi, mwanamke asiyemumunya maneno, akajiziba pua kwa mtandio.

"Jamani, hapa kumekufa nini?"

Binti akaweka ndoo chini.

"Shikamoo, shangazi. Hili ni bwawa la maji taka, limeugua. Baba yangu ndiye anayelitunza, na tangu jana tunaliuguza. Kazi yake sikuwaambia vizuri. Niliona aibu, na aibu hiyo ilikuwa ya kijinga."

Shangazi akamtazama yeye, kisha zile buti za baba zilizojaa tope. Taratibu akashusha mtandio.

"Marahaba, mwanangu. Huyu kijana wetu soksi zake husimama zenyewe. Nilikuwa najiuliza nani atamweza."

"Shangazi, jamani," bwana harusi akalalama.

"Nyamaza, nakuombea mke." Akamgeukia Bwana Bwawa. "Haya mkwe, tuonyeshe kazi yako."

Bwana Bwawa akatangulia, kifua mbele, akieleza maji yanakoingia, yanakotulia na yanakotokea. Kwenye kona ya bwawa la kwanza rangi ya kijani ilikuwa imeanza kurudi, akawasimamisha wote waione.

"Leo huyu mzee kameza redio," mkewe akanong'ona.

"Mwache aongee, mama," binti akasema, akasogea mbele asikie vizuri.